Ana Kazi au Hana? Swali la Posa na Hesabu za Ajira

Katika ofisi ya msikiti wetu, upande wa Unga Limited hapa Arusha, hakuna barua inayotuchukua muda mrefu kuiandika kama ile ya kumtambulisha kijana kwa wazee wa binti. Jina lake, umri wake, mtaa anaoishi, swala zake na mwenendo wake ni mambo tunayoyaandika bila kusita. Kisha tunafika kwenye mstari ambao kila wali huutafuta kabla ya kusoma mingine yote, yaani mstari wa kazi. Hapo katibu huweka kalamu chini akamtazama Imamu, na Imamu akamtazama kijana.

Mwezi wa Shaaban uliopita tuliandika barua ya namna hiyo kwa ajili ya kijana wa miaka ishirini na saba. Ana shahada ya ualimu wa Hisabati, na tangu atoke chuoni anaendesha bodaboda katika kijiwe kilicho jirani na soko la Kilombero. Tuliandika kwamba "amejiajiri katika sekta ya usafirishaji", tukadhani tumetumia busara. Siku chache baadaye wali wa binti, mzee wa Usa River, alikuja mwenyewe baada ya swala ya Alasiri, barua yetu ikiwa mkononi.

"Katibu," alisema kwa upole, "mimi sikuuliza sekta. Niliuliza kijana ana kazi au hana."

Tukamjibu, "Mzee wetu, kazi anayo. Anaondoka baada ya Alfajiri na kurudi baada ya Isha."

"Hata mwanangu wa kiume anaondoka Alfajiri," alisema. "Na mpaka leo anakula kwangu."

Posa ile iliahirishwa. Hatukumlaumu mzee, wala hatukumlaumu kijana. Lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukisikiliza kwa masikio mengine kila taarifa ya ajira inaposomwa na kila mwanasiasa anapopanda jukwaani kuijibu, na wiki za kampeni kuelekea uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 majukwaa hayakukosekana. Tumegundua kwamba mabishano yao yote yanazunguka swali la yule mzee.

Tuanze na hesabu zenyewe. Nchi yetu haina taarifa ya ajira ya kila mwezi. Tunachotegemea ni Utafiti wa Nguvukazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao huja baada ya miaka sita au minane. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa 2006 ulionyesha ukosefu wa ajira kuwa asilimia 11.7. Ule wa 2014 ulionyesha asilimia 10.3, na ule wa 2020/21 ukaonyesha asilimia 9. Msomaji ataona kwamba namba inashuka kila mara. Kwa nchi nyingine hiyo ingekuwa habari ya kushangilia. Kwetu ilipotangazwa, viongozi wa serikali waliitaja kama ushahidi wa mafanikio, wapinzani wakaguna, na majumbani hakuna aliyehisi kwamba habari hiyo inamhusu.

Si kwamba watakwimu walidanganya. Ni vyema tuwe waadilifu hapa, kwani Muislamu haruhusiwi kumtuhumu mtu kwa dhana. Kwa vigezo vya kimataifa, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi yoyote, yuko tayari kufanya kazi, na ameitafuta. Aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika siku saba zilizopita huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Tafsiri ya kitaifa ni pana zaidi, kwani inawaingiza pia waliokata tamaa ya kutafuta na wale wenye shughuli isiyo na uhakika wa kuirudia. Ndiyo maana namba yetu ya kitaifa ni kubwa kuliko ile ambayo mashirika ya nje huitaja kuhusu Tanzania. Hata hivyo, kwa tafsiri zote mbili, mama anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake ameajiriwa, na binti anayekaa dukani kwa mjomba wake bila mshahara naye ameajiriwa kama msaidizi wa familia. Utafiti unao pia mstari wa wale wanaofanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki na wangependa kuongezewa. Lakini kijana wetu wa Kilombero yuko barabarani zaidi ya saa kumi na mbili kila siku, na hata mstari huo haumgusi. Katika daftari la taifa, yeye hana tatizo.

Kwa hiyo namba inaweza kuwa sahihi na mzee wa Usa River naye akawa sahihi. Wanasiasa hupita katika mwanya huo, kila mmoja akichukua upande unaomfaa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani hutoa taarifa ya ajira kila mwezi, aghalabu Ijumaa ya kwanza. Tarehe 1 Agosti 2025 taarifa ya Julai ilionyesha ongezeko la ajira 73,000 tu, na hesabu za Mei na Juni zikapunguzwa kwa ajira 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Donald Trump alimfukuza kazi Erika McEntarfer, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi, akidai bila kutoa ushahidi kwamba takwimu zimepikwa. Huko alifukuzwa mhesabuji. Kwetu, mwaka 2018, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyofanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kutilia shaka zile za serikali, na mwaka uliofuata, baada ya malalamiko mengi, sheria hiyo ikalegezwa. Zilikuwa njia mbili za kukwepa jambo moja, na njia ya kwetu ilikuwa ya kimyakimya zaidi.

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mjadala ulikuwa mfupi kuliko huo. Mwaka 1983, Edward Sokoine, mwana wa Monduli, akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya nguvukazi iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Waliokutwa mijini bila kithibitisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani, na wachuuzi wadogo na mafundi wa kando ya barabara wakajikuta wakiitwa wazururaji. Sokoine ni kiongozi ambaye sisi watu wa ukanda huu tunamkumbuka kwa heshima, na nia yake ya kupambana na ulanguzi ilijulikana. Lakini tazama jinsi maana ya kazi inavyobadilika. Mchuuzi wa karanga ambaye mwaka 1983 angepakiwa kwenye lori kwa kosa la kutokuwa na kazi, Desemba 2018 alipewa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000, na katika utafiti uliofuata akahesabiwa miongoni mwa walioajiriwa. Karanga ni zile zile, na kipato chake, ukikitazama kwa bei za sokoni, hakikuzidi sana.

Kati ya nyakati hizo mbili zilipita ahadi nyingi. Mwaka 2005 Chama cha Mapinduzi, kikiwa na mgombea wake Jakaya Kikwete, kiliahidi ajira milioni moja. Ilipofika 2010 serikali ilisema lengo limevukwa. Watu waliuliza ziko wapi, na swali hilo lilikuwa na haki yake, kwa sababu katika hesabu ya namna hii kibarua cha msimu katika mashamba ya maua ya Tengeru na Usa River huweza kukaa mstari mmoja na nafasi ya karani wa benki. Mwaka 2020 ilani ya chama hicho iliahidi ajira milioni nane. Hatuna nia ya kuzihesabu hapa moja moja. Tunasema tu kwamba ahadi ya namba, bila kusema ni kazi ya namna gani na inamtosha nani, haiwezi kutimia wala kushindwa. Inaachwa ielee.

Mtu aliyezungumza kwa lugha iliyowashtua wenzake alikuwa mwingine wa Monduli, marehemu Edward Lowassa. Baada ya kujiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008, alisema mara kwa mara, tena akiwa bado ndani ya chama tawala, kwamba ukosefu wa ajira kwa vijana ni bomu linalosubiri kulipuka. Wako waliomwona mkweli na wako waliomwona mtu anayejitengenezea njia ya Ikulu, na si lazima moja lifute jingine. Juni 2014 taifa lilipata picha ya maneno yake pale vijana zaidi ya elfu kumi walipojaza viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha ile ilizunguka dunia. Wabunge walisikitika, viongozi wakaeleza, kisha mwaka ukaisha.

Ikaja awamu ya tano. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuwaondoa watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi msikitini kwetu waliunga mkono, na sisi tuliunga mkono, maana ghushi ni haramu na mshahara wake ni haramu. Lakini waliokuwa vyuoni wakati huo wakisomea ualimu walitoka na kukuta mlango umefungwa, na foleni yao imeendelea kurefuka hadi leo. Kijana wetu wa Hisabati yuko katika foleni hiyo.

Hapa Arusha mjadala ulifika kwenye kiini chake Machi 2023. Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa Arusha Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alirejea kutoka Canada na kuhutubia mkutano katika jiji hili. Katika maneno yake aliizungumzia bodaboda kama laana, jambo la kuonyesha kushindwa kwa serikali, na si kazi ya kumtakia kijana. Wanasiasa wa chama tawala walimjia juu wakisema amewatukana vijana wanaojitafutia riziki ya halali, na baadhi ya madereva walikasirika. Yeye alifafanua kwamba alikusudia hali ya maisha yao na si wao wenyewe.

Siku ile katika ukumbi wa msikiti, baada ya Magharibi, vijana walibishana hadi Isha ikaadhiniwa. Walioendesha bodaboda hawakuwa upande mmoja. Mmoja alisema, "Ameniita mlaaniwa mbele ya mke wangu." Mwingine akasema, "Mbona hamkukasirika hivyo wakati wenzetu wanakatwa miguu kule hospitali?" Sisi tulikuwa na maoni yetu, na tunayo hadi leo. Neno laana ni zito, na kazi ya halali haiitwi hivyo kinywani mwa muumini. Lakini waliomjibu kwa kusema kwamba bodaboda ni ajira kama ajira nyingine nao walikuwa wakikwepa swali. Hakuna hata mmoja kati ya waliosema hivyo tuliyepata kumsikia akimtafutia mwanawe pikipiki badala ya ofisi.

Msomaji wa mbali anaweza kujiuliza kwa nini jiji lenye watalii, mikutano na vito lina vijiwe vingi vya bodaboda namna hii. Mzazi wa kijana wetu alifanya kazi katika kiwanda cha matairi cha General Tyre, kile ambacho wenyeji wa Arusha walikuwa wakikitaja kwa fahari kama wanavyoutaja Mlima Meru. Kiwanda kilisimama mwaka 2009. Tangu hapo hatukumbuki kampeni iliyopita bila kuahidi kukifufua, na mzee huyo, akisikia ahadi hiyo redioni, hunyanyuka na kwenda kuchukua udhu hata kama wakati wa swala haujaingia. Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifunga shughuli zake, na pamoja nayo wakaondoka wapangaji wa nyumba, wateja wa maduka na waajiri wa madereva na wapishi. Mwaka 2020 janga la korona liliipunguza idadi ya watalii nchini kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi takriban 620,000, na wagumu waliokuwa wakibeba mizigo kutoka lango la Momella kupanda Meru walirudi vijijini kulima mahindi. Mwaka 2021 biashara ya tanzanite iliamriwa ifanyike Mirerani, kwa sababu zinazoeleweka za kuzuia utoroshaji, na madalali waliokuwa wakiuzia mjini wakabaki na lenzi zao mfukoni. Kila mmoja kati ya hawa, akiwa na pikipiki ya kukodi, hahesabiwi kuwa amepoteza kazi. Anahesabiwa kuwa amebadilisha kazi.

Mwaka 2025 ulitupa ushahidi mwingine ambao hauhitaji mtakwimu. Waombaji zaidi ya laki mbili walijitokeza kwa nafasi 14,648 za ualimu. Waliomaliza vyuo tangu 2015 walijikusanya chini ya umoja walioupa jina la NETO, wakidai kwamba si haki mtu aliyesubiri miaka kumi afanyiwe usaili sawa na aliyehitimu jana. Mamlaka ya Mapato nayo ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000. Usaili wake wa kuandika uliangukia siku za mwisho za Ramadhani. Tuliwaona vijana wa mtaa wetu wakienda na funga zao na kalamu zao, na usiku katika Tarawehe Imamu aliwaombea, naye kwa desturi haombei jambo la mtu mmoja mmoja. Hatukusikia kiongozi yeyote akiiweka namba hiyo kando ya asilimia 9 na kueleza jinsi zinavyokaa pamoja.

Na katika kampeni za 2025, mgombea wa chama tawala, Rais Samia Suluhu Hassan, aliahidi kwamba akichaguliwa, ndani ya siku mia moja serikali itaajiri walimu 7,000 na watumishi wa afya 5,000. Ilikuwa ahadi nzuri kuliko zile za mamilioni kwa sababu ilihesabika. Siku ya mia moja na moja kila mtu angeweza kuuliza. Mwenye kuitazama kwa jicho la foleni ya laki mbili alijua pia kwamba wengi wangebaki nje. Hatumwelekezi mtu kura yake. Gazeti hili si jukwaa, na msikiti si tawi la chama.

Mzee wa Usa River alitulazimisha kurudi kwenye vitabu tulivyosoma chuoni. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki tunayafuata, walipowaeleza fakiri na maskini wanaostahiki zaka hawakuuliza kama mtu ana kazi. Waliuliza kama anachopata kinamtosha. Fakiri, wakasema, ni kama mtu anayehitaji kumi akapata mbili au tatu. Maskini ni anayehitaji kumi akapata saba au nane. Huyu wa pili anafanya kazi, pengine kutwa nzima, na bado jina lake liko katika orodha. Kipimo chao ni kifaya, yaani kutosheka kwa mtu na wale anaowalisha. Hii ni hesabu ya ajira iliyo kali kuliko ya ofisi yoyote ya takwimu, na ilikuwapo karne nyingi kabla ya Utafiti wa Nguvukazi.

Imam Nawawi, katika kitabu chake cha al-Majmuu, alikwenda mbele zaidi. Mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua zana za ufundi wake, ziwe ghali au rahisi, na mfanyabiashara hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake. Anayeuza mboga, alisema, hutoshelezwa na dirhamu tano au kumi, ilhali mwenye biashara ya vito huhitaji dirhamu elfu kumi. Tulipoyasoma maneno hayo tena tulicheka kidogo, kwa sababu kutoka kwa wauza mchicha wa Kilombero hadi kwa madalali wa tanzanite si mwendo mrefu kwa miguu.

Kisha tukanyamaza, maana tulijiuliza sisi tumefanya nini. Kwa miaka mingi, ukiacha zakatul-fitri ambayo ina utaratibu wake, hata zaka ya mali tuliyokabidhiwa tumeigawa kwa mafungu ya mchele, sukari na mafuta, kila nyumba fungu lake, na picha ikapigwa. Tumesimama mimbarini kuwaambia vijana wajiajiri, tukisimulia kisa cha mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba, naye akauza vitu vyake viwili kwa dirhamu mbili na kumtuma akakate kuni. Tulikisimulia kama karipio. Tulipita haraka pale ambapo dirhamu moja ilinunua shoka, na Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake. Mwanasiasa anayesema "jiajirini" na kushuka jukwaani hana tofauti kubwa na sisi tulivyokuwa.

Ziko njia ambazo tulikuwa hatuzitumii. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Tunalisema hili kwa herufi zote kwa sababu familia nyingi za Kiislamu zimekaa mbali nayo zikidhani ni kama mikopo ya benki. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Hutolewa kwa vikundi, na kikundi huhitaji katiba, akaunti na mtu wa kuwaandikia barua. Kuandika barua tunakuweza. Vijana watano wa msikiti wetu, wawili kati yao wahitimu wa vyuo, sasa wana kikundi cha kutengeneza pikipiki na wamewasilisha maombi kata. Hatujui yataishia wapi. Kamati nayo imekubaliana kwamba sehemu ya zaka ya mali ya mwaka huu itanunua zana: cherehani moja, seti ya spana, na toroli la muuza matunda mjane. Mzee mmoja wa kamati alipinga, akasema watu wataulizia mchele wao. Ni kweli wataulizia, na hatuna jibu linalowaridhisha wote.

Kuhusu posa, kijana alirudi kwetu wiki mbili zilizopita akaomba barua nyingine. Imamu alisema safari hii tusiandike sekta. Tulimketisha, tukamwuliza swali moja baada ya jingine kama wafanyavyo wadadisi wa takwimu, isipokuwa sisi hatukuishia kwenye saa alizofanya kazi. Barua inasema kwamba anaendesha bodaboda ambayo si yake. Anamlipa mwenye chombo hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, kwa mkataba ambao ukiisha pikipiki itakuwa yake, na umebakiza miezi saba. Akishatoa hesabu na mafuta hubakiwa na kati ya shilingi 6,000 na 9,000, na siku ya mvua hubakiwa na deni. Analipa kodi ya chumba, na anamtumia mama yake kila mwisho wa mwezi. Ana shahada ya ualimu wa Hisabati, amekwenda usaili mara mbili na bado hajaitwa kazini. (Hukumu ya mkataba wenyewe katika sharia tumemwachia Imamu, ambaye ameomba kuuona kwanza.) Mwishoni tukaandika kwamba kwa maoni ya kamati, anachopata kinamtosha yeye mmoja, na hakijawatosha wawili.

Kijana aliisoma, akakaa kimya, akasema ipelekwe hivyo hivyo.

Tuliipeleka wenyewe Usa River siku ya Ijumaa iliyopita. Mzee aliisoma akiwa amesimama chini ya mgomba, miwani ikiwa imeteremka puani, na alipofika mwisho akarudi juu kuisoma tena. Aliuliza jambo moja tu, kama hesabu hiyo ya shilingi 10,000 hulipwa hata Ijumaa. Tukamwambia hulipwa siku zote saba. Akaikunja barua, akaitia mfuko wa kanzu, akasema atazungumza na mama wa binti na atatupa jibu kabla ya mwezi kuandama.